Kiungo Huokolewa Mapema

Kijana akilalamikia goti, kwetu visiwani husemwa kaanguka mpirani. Huchuliwa kwa mafuta, hufungwa kitambaa, na miezi hupita. Aghalabu huwa kweli ni mpira. Lakini maumivu yazidiyo usiku, pamoja na uvimbe usiopungua, huenda yakawa dalili za sarkoma, yaani saratani ya mifupa au ya nyama. Ile ya mifupa huwashika zaidi vijana wanaokua, na mara nyingi hukaa karibu na goti. Uvimbe wa namna hiyo haufai kuchuliwa. Wataka picha na daktari.

Zamani tiba ilikuwa kukata. Mwaka 1977 kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 kwa siku 143, akichangisha fedha za utafiti, mpaka saratani ilipomfika mapafuni. Alifariki mwaka 1981, na umri wake miaka 22.

Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 43 wa sarkoma ya nyama. Wagonjwa 16 walikatwa kiungo. 27 waliondolewa uvimbe tu, kisha wakapigwa mionzi. Uvimbe uliwarudia pale pale wanne katika hao 27, lakini kwa kubaki hai makundi hayo hayakupitana kwa kiasi cha maana.

Leo mpasuaji huondoa uvimbe pamoja na nyama nzima iliyouzunguka, kama mkulima ang'oaye mhogo na udongo wake. Kwa saratani ya mfupa, dawa hutangulizwa kwa kawaida. Pengo huzibwa kwa chuma au kwa mfupa wa kupandikiza. Kwa mtoto, pengine goti huondolewa, mguu wa chini ukageuzwa kisigino kikaja mbele, na kifundo kikafanya kazi ya goti ndani ya mguu wa bandia. Ama uvimbe ukishaimeza mishipa mikubwa, kukata ndiko kuokoa, wala si aibu.

Twawageukia wakuu wa serikali. Kinyama cha kupimwa kisikatwe bila ya shauri la daktari atakayepasua, kwani mkato uliokosewa huweza kumpotezea mgonjwa kiungo chake. Tena mgonjwa wa Unguja au Pemba apelekwaye Muhimbili au Ocean Road huvuka bahari na mtu wa kumwuguza. Nauli, malazi na barua za ruhusa zisiwe sababu ya kuchelewa, kwa kuwa uvimbe haungoji mhuri.

Nanyi wazazi, msimfiche mtoto kwa hofu ya msumeno. Anayechelewa ndiye akatwaye. Mficha maradhi, kifo humuumbua.