Je, Wajua? Talaka Hutanguliwa na Usuluhishi

Nchini Tanzania, kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla wanandoa hawajafika mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ndivyo inavyoagiza Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

• Wanaoketi: Mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Yapo pia mabaraza ya jumuiya za dini.

• Wanaosikilizwa: Mume na mke wenyewe. Hapa si mahali pa mawakili kubishana. Lengo ni wahusika wazungumze.

• Wasipopatana: Baraza hutoa hati ya kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Ombi la talaka lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe.

• Msamaha: Aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana aliko halazimiki kupitia barazani.

Usuluhishi huu una thamani kubwa zaidi ukitafutwa mapema, kabla maneno makali hayajawafikia watoto. Lakini penye kipigo, usalama ndio wa kwanza: nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hakuna usuluhishi unaomtaka mtu avumilie kuumizwa.