Usalama wa mnururisho wa redio kazini

Usalama wa mnururisho wa redio kazini ni elimu na taratibu za kuwakinga wafanyakazi wanaokaribia antena za matangazo, simu za mkononi au rada.

Tofauti na eksirei, mawimbi ya redio hayana nishati ya kutosha kung'oa elektroni kutoka atomi. Hatari yake kuu ni kupasha mwili joto. Macho na korodani huathirika kwa urahisi kwa sababu damu inayopita humo ni kidogo, hivyo joto haliondolewi upesi.

Miongozo ya tume ya kimataifa ICNIRP ya mwaka 2020 inaweka kikomo cha wastani wa wati 0.4 kwa kila kilo ya mwili mzima kwa wafanyakazi, na 0.08 kwa watu wengine.

Mawimbi hayo hayaonekani, na yanaweza kupasha joto tishu za ndani kabla ngozi haijahisi. Kwa hiyo mfanyakazi hafundishwi kutegemea hisia zake, bali kuzima mtambo na kufunga swichi kwa kufuli kabla ya kupanda mnara. Umbali pia ni kinga: mbali na antena, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi hupungua hadi robo.