Kugonga, kusikiliza, kupuliza: pafu linavyojieleza

Wagonjwa wawili wamelala wodini, vitanda vimepakana. Wote wana homa, wanakohoa, wanahema. Ukiwagonga kwa kidole chini ya mgongo upande wa kulia, wote wanatoa mlio uleule mzito, kama unagonga paja. Mmoja ana nimonia, yaani vifuko vya hewa vya pafu vimejaa majimaji na usaha. Mwingine ana maji kati ya pafu na ukuta wa kifua. Wa kwanza anahitaji antibiotiki. Wa pili huenda akahitaji kuchomwa sindano kuyatoa yale maji. Eksirei ni ya kesho. Utawatofautishaje leo?

Kwanza, huko kugonga kwenyewe. Ni kitu kilekile unachofanya kwenye tangi la maji ukitaka kujua yamebaki kiasi gani: penye hewa panavuma, penye maji panadunda. Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna, aliandika kuhusu mbinu hii mwaka 1761, na alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, kwa hiyo wengi husimulia kwamba aliijua tangu kwenye mapipa ya mvinyo ya baba yake. Wenzake hawakumjali sana.

Lakini kugonga kunakuambia tu kwamba hapo chini hakuna hewa ya kutosha. Hapo ndipo sauti inapoingia. Daktari anamwambia mgonjwa arudie "tisini na tisa" huku akisikiliza kwa stethoskopu. Pafu zima ni kama sponji, na sponji humeza sauti, hasa zile nyembamba. Pafu la nimonia limekuwa kitu kizito kilichoungana, na njia kubwa za hewa bado ziko wazi, basi sauti inapita vizuri zaidi na unaisikia karibu na sikio. Kwenye maji, sauti inapotoka kwenye pafu inakutana na mpaka na sehemu kubwa inarudishwa. Unasikia kwa mbali, au husikii kitu. Fumbo limeisha, na hujatumia hata shilingi ya umeme.

Hicho chombo cha kusikilizia nacho kilianza kwa karatasi. Mwaka 1816 huko Paris, René Laennec aliona aibu kuweka sikio kwenye kifua cha mwanamke kijana, akakunja karatasi kuwa bomba, akashangaa kusikia vizuri kuliko awali. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1826.

Sasa, tahadhari moja. Watu wengi wanajua pumu kwa ile filimbi ya kifuani, na filimbi ikiisha wanashukuru. Mbona basi daktari anashtuka? Kwa sababu filimbi inahitaji hewa inayopita. Mgonjwa wa pumu aliyechoka, anayeshindwa kumaliza sentensi, na kifua chake kiko kimya, hajapona. Hewa haipiti. Huyo anakimbizwa.

Masikio yana mipaka, lakini. Njia za hewa zinaweza kuziba polepole kwa miaka, kwa sigara au moshi wa kuni jikoni, na kifua kikasikika kawaida kabisa. Hapa ndipo spiromita inapofanya kazi. John Hutchinson aliitangaza yake London mwaka 1846, ndoo iliyogeuzwa juu ya maji, baada ya kuwapima zaidi ya watu 2,000. Ya leo inaingia mfukoni, ila kazi ni ileile: vuta hewa yote, halafu ipulize kwa nguvu mpaka iishe. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa hiyo ndani ya sekunde 1 ya kwanza. Chini ya hapo, njia zimebana. Unampa dawa ya kupanua njia, unasubiri kama dakika 15, anapuliza tena. Ikipanda kwa angalau asilimia 12 na mililita 200, pumu inanukia. Ikikataa, fikiria ule ugonjwa wa moshi.

Kipimo hiki kinafaa pia kwa aliyemaliza dawa za TB na bado anahema. Makohozi yake hayana vijidudu tena, lakini makovu yamebaki, na akirudishiwa dawa za TB bila ushahidi hazitamsaidia.

Mtoto mdogo hawezi kupuliza kwa amri. Kwake kuna saa tu. Mfunue kifua akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Mwenye chini ya miezi 2, 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 mpaka 11, 50. Mwaka 1 mpaka 5, 40. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, usingoje kuhesabu mara ya pili. Mpeleke.