Jembe Lilikataa, Shairi Likasema

Ndugu msomaji, ukishika njia ya Matombo, milimani Uluguru, utafika mahali ambapo mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kukataa matuta. Serikali ya Kiingereza, katika mpango wake wa kuhifadhi ardhi, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo wenye rutuba ni mwembamba: ukiuchimbua, ule wa chini huja juu na mazao hudhoofu. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hayo amri ya matuta ikaachwa.

Labda utauliza, mashairi yanahusu nini hapa? Yanahusu sana. Si kila mtu aliweza kumwambia Bwana Shauri neno kavu usoni. Lakini Kiswahili kina fumbo. Saadan Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU ya tarehe 7 Julai 1954, alitunga shairi la siafu na nyoka. Msikilizaji hakuhitaji mkalimani: siafu ni wananchi, wadogo lakini wengi, nyoka ni mtawala. Nani atamshtaki mtu kwa kuwasifu siafu? Mwaka huohuo Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake. Mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam.

Wala hatukuwa peke yetu. Ng'ambo ya bahari, huko Guyana, nchi ya mashamba ya miwa iliyotawaliwa na Waingereza haohao, Martin Carter alifungwa mwaka 1953 kwa ajili ya siasa. Mwaka uliofuata mashairi yake ya upinzani yakachapwa London. Yeye hakujificha nyuma ya siafu, alisema waziwazi.

Kweli, shairi halikung'oa tuta hata moja. Waliokataa ni wenye majembe. Lakini shairi liliweza kumpa mtu wa Kigoma na mtu wa Matombo neno moja la kumwita mtawala, nao wasiwe wamewahi kuonana.

Basi, msomaji, kijana wa miaka 15 wakati ule leo amepita 80. Kama nyumbani kwako yuko babu au bibi anayekumbuka wimbo wa siku za matuta, kaa naye jioni, uandike daftarini, kwa Kiluguru kama atakavyousema. Mashairi ya Kandoro yalichapwa kitabuni mwaka 1972. Ya babu yako bado.