Fahamu: Muhula wa ng'ambo na mtoto wa mkimbizi

Vijana wa familia za Kikongo zilizohamia Louisville, Kentucky, wanaingia chuo kikuu, na swali linawafikia: kusoma muhula mmoja nje ya Marekani kuna faida?

Utafiti wa GLOSSARI, wa vyuo vikuu vya umma vya Georgia, ulikuta asilimia 49.6 ya waliosoma nje walihitimu ndani ya miaka 4. Wenzao waliobaki, wa kundi la kulinganishwa nao, asilimia 42.1. Lakini wengi wanaosafiri huwa na alama nzuri na fedha tangu awali, hivyo safari haistahili sifa yote. Hata kwenye ajira, kusafiri tu hakutoshi: mwajiri atauliza ulifanya nini huko.

Kikwazo kikubwa, na kinachoniuma, ni karatasi. Ufadhili wa Gilman wa serikali ya Marekani ni wa raia wanaopata ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wenye uhitaji wa fedha. Mkimbizi husubiri miaka 5 kuomba uraia; kabla ya hapo husafiri kwa hati ya wakimbizi, inayodumu mwaka 1 tu. Iombwe mapema. Tena chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba masomo ya huko yatahesabiwa. Yasipohesabiwa, kuhitimu kunaweza kuchelewa.