Shosho Akikukataza Mjengo, Msikize Kwanza

Shule zimefungwa, uko na miaka 16, na msee wa mtaa amekuitia kibarua cha mjengo. Ganji ni kila jioni, na kwa nyumba unga imeisha. Lakini shosho hataki kuskia. Unaona ni kama anakubania tu, ama?

Cheki kazi yenyewe. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50, na unaupandisha ghorofani kwa ngazi za mbao zisizo na pa kushika. Simiti ikiloa inachoma ngozi. Vumbi yake inaingia kwa mapafu. Na mgongo wako bado unakua.

Sheria pia iko na shosho. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu watoto wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi pekee, isiyowaumiza wala kuwaharibia masomo. Kazi hatari? Ngoja ufike 18. Hata wakati huo, helmeti, glavu na gambuti ni jukumu la mwenye kazi, sio zako kununua.

Sasa usimjibu shosho vibaya. Mwambie ukweli: unataka kusaidia. Halafu tafuteni pamoja: kukaa kwa duka mchana, kupanga nguo gikomba, kufunza watoi wa ploti hesabu. Ganji ni kidogo, lakini unarudi home mzima.

Na kama kuna mtu anakulazimisha kazi hatari, piga 116. Ni laini ya watoto, na ni bure.