Kumfahamu Mhusika Kabla ya Kumwandika: Mfano wa Ngano za Mwambao wa Ziwa Victoria

Kosa linalojitokeza mara kwa mara katika hadithi za watunzi wanaoanza ni kumtanguliza mhusika kwa tabia aliyopangiwa. Mlevi huingia akiwa mlevi, mama wa kambo akiwa katili, nao hutoka vivyo hivyo. E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, aliwatofautisha wahusika bapa na wahusika duara, na istilahi hizo zimeota mizizi katika uhakiki wa Kiswahili. Hata hivyo, zinamfaa mhakiki kuliko mtunzi, kwa kuwa zinamweleza mhusika akiwa amekwisha kuandikwa. Mtunzi anahitaji mazoezi ya kumfahamu kabla, na ngano za Waluo, kuanzia Kisumu hadi Gwassi, zinampa uwanja mzuri.

Ichukuliwe ngano ya Nyamgondho mwana wa Ombare, inayohusishwa na Nyandiwa huko Gwassi. Mvuvi huyu maskini alimvua ziwani mwanamke mzee, akamchukua nyumbani na kumwoa, na ng'ombe wakajaa bomani. Utajiri ukamfikisha kwenye ulevi na matusi. Mwanamke akarudi ziwani, mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho akabaki ufukoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Kimaadili, ngano imekamilika. Kiuhusika, ina mapengo, na hayo ndiyo kazi ya mtunzi.

Zoezi la kwanza ni mahojiano. Mtunzi amwulize mwanamke maswali, kisha aandike majibu kwa nafsi ya kwanza. Kwa nini alikubali kuolewa na mtu asiye na kitu? Alivumilia matusi mangapi? Jibu hili la pili laweza kuigeuza ngano nzima. Akiondoka kwa tusi la kwanza, yeye ni nguvu ya ajabu iliyokuja kutoa adhabu. Akiondoka baada ya miaka mingi, ni mke aliyengoja mumewe abadilike.

Zoezi la pili ni kueleza siku isiyo na tukio. Nyamgondho ameamka tajiri: je, zana zake za uvuvi ziko wapi? Aliyezificha uvunguni bado anauogopa umaskini; aliyezichoma anataka watu wasahau kwamba aliwahi kuwa maskini. Hao ni watu wawili tofauti, ingawa ulevi wao ni mmoja.

Zoezi la tatu ni la lugha. Mhusika azungumze na mkewe, na walevi wenzake, kisha na mgeni. Hapa mtunzi wa Kiswahili ana wajibu wa pekee. Mluo anayesema Dholuo nyumbani kwake husema kwa ufasaha. Basi Kiswahili kinachomwakilisha nacho kiwe fasaha. Kuvunjikavunjika kwa lafudhi na sarufi kuna mahali pake pale tu anapozungumza Kiswahili chenyewe, kwa mfano na mteja mgeni katika soko la Kibuye, Kisumu. Asiyezingatia tofauti hii humgeuza mtu mzima kuwa kichekesho.

Faida ya ufahamu wa namna hii yaonekana kwa Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, katika hadithi ya Oganda iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968, *Land Without Thunder*. Binti huyo wa mtemi ametengwa atolewe kafara ziwani ili mvua inyeshe. Kabla ya kuambiwa, anadhani wazazi wanajadili posa yake, naye anaanza kuwapima wachumba moyoni. Mawazo hayo hayaharakishi msuko hata kidogo. Lakini msomaji anapojua kitakachompata, hamlilii kafara, anamlilia msichana.

Sehemu kubwa ya majibu ya mazoezi haya haitaingia katika hadithi, wala haipasi kuingia. Itabaki kwa mtunzi na kumwongoza katika kuchagua neno, kimya na tendo. Bila ufahamu huo, ngano itasimuliwa upya pamoja na funzo lake, na mwanamke wa ziwani atabaki kuwa kitu kilichovuliwa tu.